Gitaa la Deiwaka

Gitaa lililoibwa lilijulikana nchi nzima. Lilikuwa jekundu kama pilipili iliyoiva. Lilikuwa limepigwa picha kwenye kalenda na kwenye majalada ya kanda, na tangu juzi lilikuwa kwenye mabango yaliyobandikwa kila ukuta wa Lushoto, likichungulia katikati ya picha za wagombea ubunge. Kwa hiyo Sajenti Hidaya Shemhina wa idara ya upelelezi alipoambiwa limepotea, hakuuliza linafananaje. Aliuliza lilionekana mara ya mwisho mikononi mwa nani.

"Mikononi mwa mwizi wake," alijibu Sharifu Bwanga, mkurugenzi wa Sayari Jazz, akiwa bado amesimama ingawa alishakaribishwa kiti. "Anaitwa Anselm Shekigenda. Deiwaka."

"Deiwaka maana yake?"

"Si mwanabendi. Tunamchukua tukisafiri, ziara ikiisha anakwenda zake. Kila bendi kubwa inao watu wa namna hiyo, wa kuongeza uzito jukwaani."

Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumamosi, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya paa za soko. Mkuu wa kituo na askari karibu wote walikuwa wameteremka Mombo kulinda mikutano ya kampeni, maana ule ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi. Kituoni alibaki Hidaya na Konstebo Elinuru, dereva wa Land Rover iliyozeeka.

Sharifu alieleza haraka haraka. Sayari ilikuwa bendi ya shirika la umma. Shirika lilipouzwa, yeye alibaki na vyombo na wanamuziki kumi na mmoja. Leo saa tisa alasiri wangepiga katika ukumbi ulio nyuma ya nyumba ya wageni walikofikia. Saa nane angefika mtu wa kampuni ya kurekodi kutoka Nairobi, ambaye alikuwa anataka kumsaini Ulimboka, mpiga solo wao, yule ambaye mashabiki walimwita Radi.

"Ulimboka hawezi kutumia gitaa lingine?"

"Hajawahi. Miaka kumi na minne hajashika lingine mbele ya watu. Wote wanajua." Sharifu aliinama mezani. "Afande, nakuomba kitu kimoja. Mtafute Anselm kwanza. Gitaa baadaye."

Hidaya aliacha kuandika akamtazama. Katika miaka yake tisa ya upelelezi alikuwa amepokea watu walioibiwa ng'ombe, baiskeli na mashine za kushonea. Wote walitaka mali yao irudi kwanza, mwizi baadaye. Huyu alikuwa amegeuza.

Aliandika maneno yale kama yalivyotamkwa.

*

Mhudumu wa nyumba ya wageni, msichana wa Kibondei aitwaye Dorkasi, aliwafungulia Hidaya na Sharifu chumba namba saba, cha Anselm.

"Shikamoo afande. Huyu kaka aliondoka alfajiri," alisema. "Nilikuwa nawasha moto wa maji ya kuoga. Alipita mbio, amevaa koti tu."

"Marahaba. Alibeba nini?"

"Hakubeba kitu. Mikono mitupu."

"Na jana alirudi na nini kutoka mazoezini?"

"Na gitaa lake. Moja, kwenye mfuko mweusi. Ndilo hilo."

Mfuko ulikuwa juu ya kitanda. Hidaya aliufungua, akalitoa gitaa na kulipeleka dirishani. Lilikuwa gitaa la bei ya chini, rangi imechubuka, tumbo limefungwa kwa utepe wa fundi umeme. Lakini baba yake mdogo Hidaya alikuwa mpiga ridhim katika bendi ya mashamba ya chai, na gitaa lake lilikuwa likining'inia sebuleni kwao miaka yote ya utoto wake. Alijua lile la ridhim huchakaa wapi: karibu na kichwa, mahali mkono unapobana nyuzi zilezile usiku kucha. Hili halikuchakaa hapo. Vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo vilikuwa vimelika chini, karibu na tumbo, mahali vinapotafutwa vile vilio vya juu. Nyuzi mbili nyembamba zilikuwa mpya. Nyingine zilikuwa za zamani.

"Mtu huyu anapiga gitaa gani katika bendi?" aliuliza bila kugeuka.

"La pili," alisema Sharifu kutoka mlangoni. "Anajazia tu."

Ulimboka walimkuta uani kwenye kiti cha kamba, amejifunika koti, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita, mrefu, wa huko Tukuyu, na hata alipokuwa amekaa kimya watu waliopita uani walipunguza hatua.

"Shikamoo mzee," alisema Hidaya, akampa mkono.

"Marahaba."

Alimpa wa kulia. Hidaya akaudondosha mfuniko wa kalamu yake kwenye mapaja ya mzee, na Ulimboka, kwa adabu tu, akauokota kwa mkono wa kushoto na kumrudishia. Aliubana kwa gumba na shahada. Vidole viwili vya mwisho vilibaki vimekunjika, havikuhusika. Hidaya alipoupokea, ncha za vidole vile ziligusa kiganja chake. Zilikuwa laini kama za mtoto.

Baba yake mdogo alikuwa akishika sufuria ya moto kwa vidole vya kushoto, vilivyokomazwa na nyuzi, bila kitambaa.

"Gitaa uliliacha wapi, mzee?"

"Jana jioni baada ya mazoezi Anselm aliniomba anibebee," Ulimboka alisema polepole. "Nikampa. Sikuliona tena."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hidaya aliyaandika, akamsomea, na Ulimboka akatia sahihi. Mtu mmoja alikuwa anasema uongo, Dorkasi au Radi, na Dorkasi hakuwa na sababu ya kuficha hesabu ya magitaa. Lakini kabla hajauliza swali lingine, sauti ya kipaza ilipita barabarani, kubwa, ikikwaruza. Mwanzoni alidhani ni gari la chama fulani. Kisha akasikia jina.

"...Anselm Shekigenda, mwizi wa gitaa la Radi! Atakayemwona amlete ukumbini kabla ya saa nane! Nyumbani kwao ni Gare..."

Alimgeukia Sharifu. "Ni gari lako?"

"Nilitaka apatikane upesi."

"Umewapa watu jina na kijiji," Hidaya alisema kwa sauti ya chini. "Unajua mwizi hupokewaje njiani?"

Ulimboka alikuwa amesimama. Koti lilimwanguka, naye hakuliokota.

"Kalizime hilo gari," Hidaya alimwambia Sharifu. "Elinuru, washa."

*

Barabara ya Gare hupanda ikijizungusha, huku ni mteremko wa kabichi, huku ni ukuta wa udongo mwekundu. Elinuru aliikaba Land Rover gia ya pili na kuitesa. Kila kona walipita vijana: wawili kwenye baiskeli, watano kwa miguu, pikapu ya mboga ikiwa na watu kumi na fimbo zao zimesimama juu kama miche. Hidaya alihesabu vichwa mpaka arobaini, akaacha.

"Tutapita kwa juu, afande," Elinuru alisema. "Njia ya mbao, ile ya malori ya Shume."

"Inapitika?"

"Tutajua."

Ilipitika kwa shida. Tawi lilivunja kioo cha pembeni, na mahali pamoja gurudumu moja lilizunguka hewani huku Hidaya akiutazama msikiti mdogo bondeni kupitia sakafu iliyotoboka. Lakini walitokea juu ya misheni ya Gare dakika chache kabla ya pikapu, na Elinuru akaiteremsha gari hadi mlango wa nyumba ya Mama Paskalina, mama yake Anselm, na kuiegesha kwa ubavu, ikaziba uchochoro wote.

Mama Paskalina, mjane wa miaka sitini na kitu, alikuwa kizingitini ameshika jembe. Hakuonekana kuwa anakwenda shambani.

"Shikamoo mama. Mtu hukimbilia kwao alfajiri kwa habari ya ugonjwa. Unaumwa?"

"Marahaba. Naumwa nini? Tangu alfajiri kila mtu ananiuliza naumwa nini. Mwanangu amekuja hapa analia, ananikuta nakata majani ya ng'ombe."

Anselm alikuwa ndani, kwenye kigoda, kijana wa miaka ishirini na saba mwenye mabega membamba. Hidaya hakumpa mkono. Aliomba kuona vidole vyake vya kushoto. Vilikuwa na ganda gumu la njano, kila kimoja, na cha tatu kilikuwa na ufa uliotoka damu na kukauka.

"Nani alikuambia mama anaumwa?"

Anselm alitoa karatasi kwenye mfuko wa shati. Mtu alikuwa ameisukuma chini ya mlango wake. Iliandikwa kwa herufi kubwa: MAMA YAKO KAZIDIWA. WAHI GARE. Upande wa pili ilikuwa nusu ya orodha ya nyimbo, iliyopigwa taipu, yenye muhuri wa Sayari Jazz.

"Orodha hizi hukaa na nani?"

"Na mzee Sharifu. Yeye ndiye anayezigawa."

Hidaya alikunja karatasi, akaitia katika daftari. Basi ni Sharifu. Lakini hapohapo alikumbuka maneno ya asubuhi: mtafute Anselm kwanza. Mtu hamtumi mwenzake mlimani alfajiri halafu saa tatu akamlilia polisi wamrudishe. Na orodha zikishagawiwa hukaa na kila mwanabendi.

Nje kelele zilikuwa zimefika. Alipata muda wa kuuliza swali moja tu.

"Solo za Sayari, tangu lini unazipiga wewe?"

Anselm alimtazama mama yake, kisha sakafu. "Tangu masika ya mwaka jana," alisema. "Yeye anasimama mbele na lile jekundu, gitaa limezimwa sauti. Mimi nasimama nyuma ya spika ya kushoto. Taa haifiki. Sikumwambia mtu, afande. Hata mama."

"Na Sharifu anajua."

"Yeye ndiye aliyepanga. Jana niliomba jambo moja. Kwamba hapa kwetu, mbele ya watu wa kwetu, wataje jina langu. Mara moja tu. Mzee Sharifu akakataa. Mzee Ulimboka hakusema kitu."

Hidaya alitoka. Walikuwa wameshafika hamsini, wamebanwa kwenye uchochoro, wa mbele wanasukumwa na wa nyuma. Alipanda kwenye bampa.

"Onga mshi," aliwasalimu kwa Kishambaa.

Salamu ni salamu. Wachache waliitika, kisha wengine, na kelele zikapungua kiasi cha kusikika.

"Nani kati yenu ameliona hilo gitaa?"

Vijana wa mbele waligeuka kuwatazama wa nyuma.

"Nani alimwona huyu akilibeba?"

"Gari limetangaza," alisema kijana mmoja wa mbele, fimbo begani.

"Gari halijaapa mbele ya hakimu. Mimi ndiye mwenye jalada, na ndani yake nina shahidi aliyemwona akitoka mikono mitupu. Anselm ni shahidi wangu. Anayemgusa shahidi wa polisi nitamjua kwa jina la baba yake, maana wengi wenu nawafahamu. Wewe mwenye fimbo ni wa kwa Shekilindi, pale juu ya josho. Mama yako anajua uko hapa?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Kijana alishusha fimbo. Hidaya hakusubiri wafikiri zaidi. Alimtoa Anselm akiwa ameshikana naye mkono, akamsukuma kiti cha nyuma, na Mama Paskalina akapanda naye bila kuombwa, na jembe lake.

*

Walifika ukumbini saa saba na nusu. Fundi mitambo wa bendi, Ismaili, mtu mfupi mwenye bisibisi nyuma ya sikio, alikuwa akijaribu spika. Kulikuwa na nne, kila moja ina kimo cha kifua cha mtu. Mpiga besi alivuta uzi mmoja mzito, akauachia, akavuta tena.

"Hii ya kulia ina mdudu," Ismaili alinung'unika. "Jana ilikuwa nzima."

Hidaya alisimama katikati ya ukumbi. "Hebu rudia. Halafu shika uzi, unyamaze kabisa."

Mpiga besi alifanya hivyo. Ngurumo ilijaa, ikakatwa. Na baada ya kukatwa, kutoka ndani ya ile spika, kilibaki kitu chembamba, kama nyuki aliyefungiwa kwenye mtungi. Kiliimba kwa sekunde tatu, kikafa.

"Tena. Noti nyingine."

Ngurumo ikapanda kidogo, na mlio wa nyuki nao ukapanda. Anselm alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, kama mtu anayesoma neno kwenye kibao, "Hizo ni nyuzi za gitaa. Besi ikigonga, zinaitika."

Ismaili alizunguka nyuma ya spika akapiga magoti. "Mimi huweka skrubu nane. Hapa zimerudishwa tatu tu, na zote za juu."

"Fungua."

Ubao wa nyuma ulitoka. Gitaa jekundu lilikuwa ndani, limesimama wima, halina mkwaruzo hata mmoja. Chini yake na pembeni palikuwa pamesheheni blanketi la kijivu lililokunjwa vizuri. Hidaya aliligusa lile blanketi kabla ya gitaa. Aliyeficha hakuwa na haraka. Alikuwa amelikinga kama anayemfunika mgonjwa.

"Dorkasi," aliita. "Hili ni lenu?"

Dorkasi aliingia kutoka uani, akageuza pindo. Palikuwa na mshono wa uzi wa kijani. "Ni letu. Kila chumba nina rangi yake, ili wafuaji wasinichanganyie. Saba ni nyeusi, mbili ni njano kwa mzee Sharifu. Kijani ni namba nne."

"Nani yuko namba nne?"

Hakukuwa na haja ya kujibu. Ulimboka alikuwa ameingia kwa mlango wa uani na kusimama kando ya jukwaa. Alimtazama Anselm kwanza, juu mpaka chini, kama anayehakikisha hajavunjika mahali.

"Hawakukufikia?"

"Hawakunifikia, mzee."

Ulimboka alikaa kwenye ukingo wa jukwaa, akauweka mkono wa kushoto juu ya goti. "Vilikufa masika ya mwaka jana, hivi viwili," alimwambia Hidaya. "Daktari alisema ni mishipa. Nikiwa na bendi nyuma yangu sikuogopa, Anselm yupo. Lakini huyu wa Nairobi alipiga simu juzi. Alitaka kabla ya onyesho nimpigie peke yangu, chumbani, mimi na yeye. Bila gitaa lile nisingeambiwa nipige."

"Na Anselm?"

"Gitaa haliwezi kupotea bila mtu."

Mama Paskalina, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, alisimama. Ulimboka alimwona, akainamisha kichwa na kukiacha hapo.

"Sikujua watatangaza," alisema. "Lakini walipotangaza, nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilinyamaza. Hilo nalo uliandike."

Sharifu alikuwa ameshaanza kuhesabu dakika. "Afande, gitaa limepatikana. Mimi nafuta malalamiko. Mgeni anafika sasa hivi. Ulimboka mbele, Anselm mahali pake, kama kawaida, na huyo mgeni nitamwambia Radi ana homa..."

"Malalamiko unaweza kuyafuta," alisema Hidaya. "Taarifa ya uongo kwa polisi haifutwi na wewe. Na gari lako litarudi Gare, sasa hivi, barabara ileile, kusema lilikosea. Jina kamili, mara nyingi kama asubuhi. Elinuru atapanda nalo."

"Na onyesho?"

Ulimboka ndiye aliyejibu. Alinyanyuka, akalitoa gitaa kwenye spika kwa mkono wake mzima, akamvalisha Anselm mkanda begani. Anselm alirudi hatua moja. Mkanda ulikuwa mrefu kwake, na Ulimboka aliufupisha kwa subira, tundu moja, tundu la pili.

*

Saa tisa ukumbi haukuwa na mahali pa kuweka mguu. Watu wa Gare walikuwa wameteremka nao, wakiwa na fimbo zao, ambazo Konstebo Elinuru alizikusanya mlangoni na kuzifunga mzigo mmoja. Mtu wa Nairobi alikuwa mstari wa mbele, tai shingoni.

Ulimboka alipanda peke yake, watu wakapiga kelele mpaka mabati yakatetemeka. Aliinua mkono wa kushoto wanyamaze.

"Solo mlizozisikia kwetu tangu mwaka jana si zangu," alisema kwenye maikrofoni. "Ni za kijana wa hapa. Asubuhi mmeambiwa ni mwizi. Aliyeficha gitaa ni mimi. Yeye anaitwa Anselm Shekigenda, ni wa Gare, na leo mtamwona."

Hakuna aliyepiga makofi. Mpiga tumba akaanza bila kuhesabiwa. Besi ikamfuata, ridhim ikaingia, na Anselm akapanda kwenye taa akiwa ameinamia gitaa kama anayetafuta kitu alichoangusha. Alipiga noti tatu. Ya nne ikapanda juu na kukataa kushuka, na ukumbi wote ukasimama kwa pamoja.

Hidaya alimchukua Ulimboka hadi chumba cha vyombo, nyuma ya jukwaa, akaweka daftari juu ya kreti ya soda. Maelezo ya mtuhumiwa huandikwa yangali ya moto. Alimwonya kisheria, akaandika jina, umri, kabila, kazi. Ulimboka alieleza tangu karatasi mpaka skrubu, wazi, bila kujitetea. Ukuta ulikuwa wa mbao na muziki ulipita kama hakuna ukuta.

Katikati ya sentensi alitega sikio ukutani. Huko nje Anselm alikuwa ameingia kwenye kipande kirefu cha wimbo uliompa Ulimboka jina lake, ule ambao kila redio ya nchi iliuchezesha. Solo ilikuwa inapanda ngazi, inarudi moja, inapanda mbili, halafu ikajikunja mahali pasipotarajiwa na kutokea upande wa pili. Watu walipiga mayowe.

Ulimboka alisikiliza mpaka kikaisha.

"Hapo," alisema. "Hapo mimi sikuwahi kupaweza. Hata vidole vikiwa vizima. Kwenye kanda kipande hicho tulikikata."

Kalamu ya Hidaya ilikuwa imesimama. "Hilo halihusiani na kosa, mzee. Unataka niliandike?"

"Liandike," alisema Ulimboka.

Akaliandika.